Mgodi unatuuliza tunataka nini mwaka ujao wa fedha. Tuombe kitu gani ambacho kitabaki?

Mjumbe_Kijijini aliandika:

Shikamooni wakubwa, na wengine hamjambo.

Mimi ni mjumbe wa halmashauri ya kijiji huku Kanda ya Ziwa. Kijiji chetu kinapakana na uzio wa mgodi mkubwa wa dhahabu. Kijiji sikitaji wala mgodi siutaji, kwa sababu mazungumzo bado yanaendelea na sitaki maneno yangu yaje kusomwa kikaoni.

Jambo lenyewe ni hili. Mtendaji wa kata ametuletea barua: kila kijiji kinachozunguka mgodi kipeleke mapendekezo ya miradi ya CSR, yaani miradi ambayo mgodi unaigharamia kwa ajili ya jamii, ya mwaka ujao wa fedha, yasizidi matatu, yaambatane na muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji. Tumepewa wiki tatu.

Kwenye kikao cha awali yalitajwa madarasa mawili, ukumbi wa kijiji na kumalizia nyumba ya mganga. Lakini naomba mtazame tulichonacho tayari. Zahanati ilijengwa, nzuri, ina vigae, ina kitanda cha kujifungulia ambacho nailoni yake haijabanduliwa mpaka leo, maana muuguzi ni mmoja na akienda likizo mlango unafungwa. Kisima kirefu kilichimbwa, tangi la lita 50,000 likapandishwa mnarani, vikajengwa vituo sita vya kuchotea. Miezi ya mwanzo maji yalitoka kila siku. Siku hizi yanatoka LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla, ikiwa na uniti, na uniti zinanunuliwa kwa kuchangishana. Juzi alfajiri nimepita kituo cha karibu na shule nikakuta madumu yamepanga foleni yenyewe, wenye madumu wamerudi kulala.

Mimi pia ni katibu wa kikundi cha akina mama. Tuna bustani bondeni: mchicha, chainizi, nyanya, hoho. Tunauza gulioni, siku ya gulio bei inaanguka, zinazobaki tunagawana. Jikoni ya mgodi inalisha mamia ya watu kila siku, na lori la mboga linatoka mbali huko, linapita mbele ya bustani yetu likitupiga vumbi.

Vijana wengi wapo kwenye maduara ya wachimbaji wadogo. Wengine wako karashani, kwenye mashine za kusaga mawe ya dhahabu, wanashika zebaki kwa mikono mitupu.

Inasemekana mgodi umebakiza miaka nane au kumi wasipopata mwamba mwingine. Mwanangu wa mwisho yuko darasa la pili. Mgodi ukifungwa ndiyo kwanza atakuwa anatafuta kazi.

Naomba mwongozo: niende mkutanoni na mapendekezo gani? Na yakikubaliwa, tuyafunge vipi yasije yakabadilishwa njiani?

Mzee_wa_Maendeleo alijibu:

Marahaba mwanangu. Nilikuwa afisa maendeleo ya jamii kwenye halmashauri zenye migodi mpaka nilipostaafu, na barua kama hiyo uliyopewa nimeziandika mimi mwenyewe kwa vijiji. Acha nikueleze ilivyo.

Kwanza tenganisha mifuko, maana wananchi wengi wanaichanganya na viongozi wengine wanafurahi ikichanganywa. Mrabaha wa dhahabu, yaani malipo ya mgodi kwa serikali kwa dhahabu inayochimbwa, kwa kawaida asilimia 6, unakwenda serikali kuu, huo kijijini hamuugusi. Ushuru wa huduma ni asilimia ndogo ya mauzo ya mgodi, unalipwa halmashauri ya wilaya au ya mji. Zamani mikataba ya migodi mikubwa iliweka dola 200,000 kwa mwaka basi, hata dhahabu ipande namna gani. Leo ni asilimia, kwa hiyo bei ikipanda halmashauri inapata zaidi. Mfuko wa tatu ndio huo wa CSR. Kifungu cha 105 cha Sheria ya Madini, kilivyowekwa na marekebisho ya 2017, kinamtaka mwenye leseni aandae mpango kila mwaka na akubaliane na halmashauri. Siyo sadaka tena. Geita kwa miaka kadhaa mpango huo ulikuwa zaidi ya shilingi bilioni 9 kwa mwaka, ukigawanywa kati ya halmashauri ya mji na ya wilaya.

Kwa nini nakueleza haya? Kwa sababu nyumba ya mganga na muuguzi wa pili ni madai yenu kwa halmashauri, na halmashauri ina ushuru wa huduma. Mkiyaingiza kwenye nafasi zenu tatu za CSR mmewasaidia wao kutogusa mfuko wao. Diwani wenu aulizwe mbele ya mkutano: ushuru wa huduma wa mwaka jana ulikuwa kiasi gani, na kata yetu ilipata nini? Akijibu, andikeni. Asipojibu, andikeni kwamba ameulizwa.

Sasa miradi. Mimi nilikuwa na sharti moja ambalo wenzangu ofisini hawakulipenda: pendekezo lolote lije na ukurasa wa pili. Ukurasa wa kwanza unasema tunataka nini. Wa pili unasema kitu hicho kitakula shilingi ngapi kwa mwezi, nani atalipa, kikiharibika nani atakitengeneza, na vipuri vinapatikana mji gani. Pendekezo lisilo na ukurasa wa pili nilikuwa nalirudisha. Nimeona zahanati, maabara za sekondari, machinjio, hata soko zima lenye vizimba vya zege, vimebaki makazi ya popo kwa sababu ya ukurasa huo kukosekana.

Chukua maji yenu. Msiombe kisima kingine. Ombeni pampu ibadilishwe iwe ya sola, paneli zizungushiwe uzio, na kila kituo kifungwe mita. Halafu piga hesabu. Tuseme kaya 400, kila moja ndoo nne kwa siku, shilingi 50 kwa ndoo. Ni shilingi 80,000 kwa siku, au 2,400,000 kwa mwezi. Kwa lita ni 32,000 kwa siku, tangi lenu linatosha na linabakiza. Hata mkikusanya nusu tu, mnalipa mchotishaji wa kila kituo, mnamlipa mlinzi, na mnaweka akiba ya pampu mpya. Chombo cha maji cha jamii kiandikishwe kupitia RUWASA, wakala wa serikali wa maji vijijini, kiwe na akaunti yake ya benki yenye watia saini watatu, mmoja wao mwanamke asiye na undugu na mwenyekiti. Nasema hili la undugu kwa uzito wote, nimeshuhudia akaunti ya maji ikigeuka ya familia.

Kuhusu kuyafunga: muhtasari uandikwe palepale mkutanoni, usomwe kwa sauti kabla watu hawajatawanyika, usainiwe, upigwe mhuri, upigwe picha kwa simu ya watu zaidi ya mmoja. Orodha ya mahudhurio ipigwe picha pia. Mapendekezo hubadilika kati ya kijiji na wilaya, na anayebadilisha hutegemea kwamba kijijini hakuna nakala. Mpango ukishasainiwa, halmashauri ya kijiji iandike barua kuomba nakala ya ukurasa unaohusu kijiji chenu: jina la mradi, kiasi, mkandarasi, tarehe ya kuanza na kumaliza. Bei za vifaa zikaguliwe pia. Mfuko wa saruji unaoandikwa bei mara mbili ya dukani ni darasa mlilopoteza.

Mwl_Chaki alijibu:

Mzee nakuheshimu, ila naomba darasa lisichukuliwe kama kitu cha kupunguzwa kwenye orodha. Nafundisha shule jirani na mgodi, mkoa mwingine. Watu wanahamia kila mwezi kutafuta riziki, watoto wanaongezeka, shule ni ileile. Darasa la pili nina watoto 140 chumba kimoja. Walio nyuma hawauoni ubao, nawapanga kwa zamu: kundi moja linaandika, jingine linakaa chini ya mwembe na mwanafunzi wa darasa la saba. Huyo mtoto wa dada yetu yuko darasa la pili. Maji ya sola hayatamfundisha kusoma.

Mzee_wa_Maendeleo alijibu:

Mwalimu, hujanipinga, umeniongezea. Watoto 140 ni dharura na lazima ipiganiwe. Ninachosema ni ipiganiwe kwenye mfuko upi. Wahamiaji hao wameletwa na mgodi, kwa hiyo ni haki kabisa kuweka darasa kwenye CSR pale halmashauri ikishaonyesha kwa maandishi kwamba bajeti yake haina. Na darasa liombwe na madawati, matundu ya vyoo na nyumba ya mwalimu, maana mwalimu akipangiwa kijiji ambacho chumba cha kupanga kimepandishwa bei na watu wa mgodini, anaomba uhamisho. Hilo wewe unalijua kuliko mimi.

Tenga_na_Kreti alijibu:

Dada mjumbe, hapa kwenye mboga nina la kusema. Nilikuwa napeleka mayai na mboga kwa kampuni inayopika ndani ya mgodi mmoja. Siitaji, ila niliyoyaona nakupa yote.

Anayenunua nyanya siyo mgodi. Ni kampuni ya chakula iliyopewa zabuni. Watu wa mahusiano ya jamii wa mgodi watawaambia "tutawasaidia", lakini mwenye kutoa oda ni mtu wa stoo wa kampuni ya chakula, na yeye anapimwa kwa kitu kimoja: chakula kiwepo saa ya kula. Kwa hiyo dai lenu kwenye mkutano lisiwe "mgodi ununue mboga zetu". Dai liwe kwamba mkataba wa kampuni ya chakula, ukija kuandikwa upya, uweke kiasi cha mboga kinachotoka vijiji vinavyozunguka, na siku za malipo. Kanuni za ushirikishwaji wa Watanzania kwenye madini za 2018 zinawabana wao kuonyesha wanavyonunua bidhaa na huduma za ndani, mna pa kushikia.

Siku za malipo ndizo zinazoua vikundi. Tulikuwa tunalipwa baada ya siku 60. Mama mwenye robo eka ya chainizi anakaaje siku 60? Anamuuzia mchuuzi shambani kwa bei ya kutupa kwa sababu ada ya mtoto haisubiri. Ombeni siku 14 kwa wazalishaji wa vijijini.

Halafu ubora, na hapa naongea kama dada yenu. Siku moja tulipeleka nyanya kwenye matenga, tumeziba juu na majani kama tunavyofanya kwa gulio. Mtu wa stoo akafungua tenga, akamimina mezani. Za chini zilikuwa zimepondeka, maji yanachuruzika, na moja ilikuwa imeingia kijiti cha tenga mpaka katikati. Akarudisha mzigo wote, hata zile nzima. Hakufanya uonevu, wana utaratibu wa usalama wa chakula na yeye ndiye anayesaini. Tulipohamia kreti za plastiki, tukachagua zinazolingana, tukavuna zikiwa zimeanza kugeuka rangi badala ya kuiva kabisa, hawakurudisha tena.

Kwa hiyo kwenye nafasi ya mradi, msiombe "mtaji kwa akina mama". Fedha taslimu itagawanywa. Ombeni mabomba ya umwagiliaji wa matone, kisima kifupi cha bustani, kreti, na banda la kupangia lenye kivuli na sakafu ya saruji. Kikundi kiwe na TIN, namba ya mlipa kodi, na akaunti kabla ya hapo, la sivyo mtajikuta mnauza kupitia dalali mwenye karatasi. Na oda ya mgodi isizidi nusu ya mnacholima. Nusu nyingine muendelee na gulio na mama ntilie wa mjini, ili siku lori la mgodi lisipokuja bustani isife.

Bahari_Kwale alijibu:

Salamu kutoka pwani ya Kenya. Dada yangu, sisi huku ile miaka nane unayoihesabu tumeshaimaliza.

Mgodi wa titani wa Kwale ulianza kuzalisha mwaka 2013 na kuchimba kukaisha Desemba 2024. Walisema mapema kwamba utafungwa, tarehe ilijulikana, na bado wengi wetu tuliishi kana kwamba wataongeza muda. Nina vyumba vya kupangisha, nilivijenga kwa ajili ya wafanyakazi. Mshahara ulipoondoka, vyumba, vibanda vya chakula, bodaboda, vyote vilitikisika mara moja. Ninachokuomba umwambie kila jirani yako anayejenga vyumba ni kwamba mpangaji wake ana tarehe ya kuondoka.

Kisheria sisi tuna mgao wazi: Sheria ya Madini ya 2016 inasema mrabaha asilimia 70 serikali kuu, 20 kaunti, 10 jamii. Ni jambo zuri kuliandika kwenye sheria. Lakini ile 10 ilikawia miaka mingi kwa sababu utaratibu wa kuipokea jamii haukuwa umekamilika, nani ni jamii, akaunti ya nani, mpaka wa eneo uko wapi. Kwa hiyo usihesabu pesa ambayo njia yake haijachimbwa. Baadaye zikaja kanuni za 2017 za makubaliano ya maendeleo ya jamii, angalau asilimia 1 ya mauzo ghafi, na kamati ambayo wakazi wamo ndani. Kamati ndiyo ilikuwa shule kubwa kwangu, maana kina mama waliosoma taarifa za fedha pale leo wanaweza kumhoji mtu yeyote wa kaunti.

La kilimo naungana na huyo mwenye kreti. Huku kilianzishwa chama cha ushirika cha wakulima wa pamba na viazi, PAVI, mgodi ukiwa bado unafanya kazi. Kuanza mapema ndiko kulikosaidia, kwa sababu mkulima anahitaji misimu kadhaa ya kujifunza soko huku kuna mtu wa kumshika mkono.

Mama_Kolwezi alijibu:

Mimi niko Kolwezi, Kongo, kwenye shaba na kobalti. Huku sheria ya madini ya 2018 inadai asilimia 0.3 ya mauzo iende kwa maendeleo ya jamii zinazozunguka mgodi, mbali na mrabaha, na katika mrabaha asilimia 15 ni ya mamlaka za chini. Pia mgodi unasaini na jamii daftari la ahadi: kazi gani, wapi, lini. Wakati wa kuandika daftari letu wakubwa wa chefferie, yaani utawala wa machifu, waliketi mbele, wanaume. Kazi ya kwanza ikawa barabara. Barabara ni nzuri. Lakini sisi tunaochota maji mtoni hakuna aliyetuuliza. Dada, siku ya mkutano mkuu waweke akina mama wakae mbele, na mkutano usiwe saa ya kuchota maji.

Mjumbe_Kijijini aliandika:

Asanteni sana, nimesoma yote mara mbili na mengine nimemsomea mwenyekiti. Kuhusu saa ya mkutano, mama wa Kolwezi, tulikuwa tumepanga saa tatu asubuhi. Tumeusogeza hadi saa kumi jioni.

Tumekubaliana kwenye halmashauri ya kijiji tupeleke: maji kwa sola na mita, pamoja na ukurasa wa pili, bustani na banda la kupangia mboga, pamoja na dai la mkataba wa chakula, na darasa moja na vyoo, ikiwa halmashauri ya wilaya itatuandikia kwamba haina bajeti. Ukumbi umetolewa, mzee mmoja kanuna lakini ataelewa. Nyumba ya mganga na muuguzi tunamwandikia mkurugenzi wa halmashauri ya wilaya barua tofauti.

Yamebaki mawili. Vijana wa maduarani sijui niwaweke wapi. Na mgodi ukifungwa, lile shimo na ile njia ya umeme, barabara, ofisi, vinakuwa vya nani?

Mzee_wa_Maendeleo alijibu:

Vizuri sana. Hiyo barua ya mkurugenzi, nakala iende kwa mganga mkuu wa wilaya.

Vijana. Usiwaweke kwenye mradi wa tatu kwa kubana. Uchimbaji mdogo una njia yake: leseni ndogo ni ya Watanzania pekee, na wakiwa kikundi chenye leseni wanauza kwenye soko la madini kihalali. Soko la Geita lilifunguliwa Machi 2019, na kabla ya hapo kijana aliuza kwa bei ya aliyemkopesha chakula. Wakae na ofisi ya madini ya mkoa. La zebaki lisisubiri mradi: karasha zisogezwe mbali na kijito chenye bustani zenu, sheria ndogo ya kijiji inatosha kuanza, maana mboga mtakazouza zinanyweshwa na maji hayo. Na wasiotaka duara, muulize mgodi nafasi za mafunzo ya ufundi kwa idadi na majina ya vijiji: uchomeleaji, umeme, mitambo mizito. Fundi wa kuchomelea atapata kazi Kahama au Mwanza mgodi wenu ukiwa umeota majani.

Kufungwa. Mgodi mkubwa una mpango wa ufungaji na dhamana ya kurejesha mazingira, haya yako kwenye sheria na kanuni za madini, na mpango huo hurekebishwa mgodi ukiendelea. Muda wa kijiji kusema unataka nini kibaki ni sasa, siyo mwaka wa mwisho. Golden Pride pale Nzega, uliotangulia migodi mikubwa yote ya kisasa, ulifungwa 2014 na eneo likakabidhiwa kwa Chuo cha Madini. Buzwagi ulianza 2009, ukasimama 2021, na eneo lake likapangiwa kuwa ukanda wa viwanda, kwa sababu lipo mlangoni mwa Kahama, lina umeme, lina kiwanja cha ndege. Kijiji chenu hakiko mlangoni mwa mji, kwa hiyo msitegemee viwanda. Nyie ombeni vitu viwili viandikwe kwenye mpango wa ufungaji: njia ya umeme iachwe na ikabidhiwe TANESCO badala ya kung'olewa, na bwawa la maji safi, kama lipo, lipimwe na likifaa liachwe kwa mifugo na umwagiliaji. Shimo lenyewe litawekewa tuta na uzio. Uzio nao unahitaji mtu wa kuukagua, muulize atalipwa na nani.

Andika barua kwa meneja wa mgodi, nakala kwa ofisi ya madini ya mkoa na NEMC, baraza la taifa la mazingira, muombe kueleza mpango huo kwenye mkutano mkuu wa kijiji, kwa Kiswahili na kwa ramani ya kubandika ukutani. Mikutano mikuu ni kila miezi mitatu, kwa hiyo akikosa huu wa sasa mpangie ujao.

Ukishapata makadirio ya sola, yaweke hapa. Nataka kuona wameandika pampu ya nguvu gani na kina cha maji ni mita ngapi. Wakandarasi wengine wanapima kisima mvua ikinyesha, halafu Septemba pampu inavuta tope.

Mjumbe_Kijijini aliandika:

Fundi anakuja Jumanne na kamba ya kupimia. Nitamwambia asubiri mpaka jioni, watu wakiwa wameshachota, apime maji yakiwa yameshuka. Vipimo nitavileta hapa.